Msamaha wa mkesha wa Krismasi 1992: kalamu ya Bush na kesi ambayo haikusikilizwa

Tarehe 24 Desemba 1992, zikiwa zimebaki siku 27 amkabidhi Bill Clinton madaraka, Rais George H. W. Bush alitia saini Tangazo namba 6518 na kuwasamehe watu sita. Wote walikuwa maofisa katika serikali ya Ronald Reagan, ambamo Bush mwenyewe alikuwa Makamu wa Rais, na wote walikuwa wameguswa na sakata la Iran-Contra. Aliyejulikana zaidi kati yao ni Caspar Weinberger, Waziri wa Ulinzi wa zamani. Kesi yake ilikuwa imepangwa kuanza kusikilizwa tarehe 5 Januari 1993. Zilibaki siku 12.

Kwa zaidi ya miaka 30 mjadala wa kisa hiki umekwama kwenye nia. Wapo wanaosema Bush aliwahurumia wazee waliolitumikia taifa, wapo wanaosema alijiokoa mwenyewe. Moyo wa mtu haufunguliwi mahakamani, na Bush hakuwahi kuhojiwa kwa kiapo kuhusu msamaha huo. Kalenda lakini ipo, na ukiifuata tarehe kwa tarehe unaelewa mengi kuliko ukimsikiliza mtetezi au mshutumu yeyote.

Sakata lenyewe

Mwaka 1985 serikali ya Reagan ilikuwa na maumivu mawili ya kichwa. Raia wa Marekani walikuwa wametekwa Lebanon na makundi yenye uhusiano na Iran. Nicaragua nako, waasi wa Contra waliokuwa wakipigana na serikali ya Sandinista walikuwa wamekatiwa fedha na Kongresi: marekebisho ya Boland ya Oktoba 1984 yalivizuia vyombo vya ujasusi kuwasaidia kivita. Iran yenyewe ilikuwa imewekewa vikwazo vya silaha na, tangu Januari 1984, ilikuwa kwenye orodha ya Washington ya nchi zinazofadhili ugaidi.

Ikulu ikapata dawa moja ya magonjwa yote mawili. Kuanzia Agosti 1985 Iran iliuziwa makombora kwa siri, kwanza kupitia Israel, halafu mwaka 1986 moja kwa moja kutoka Marekani, kwa matumaini kwamba mateka wangeachiwa. Sehemu ya faida ikapelekwa kwa Contra. Mratibu wa shughuli hiyo alikuwa Luteni Kanali Oliver North, ofisa wa Baraza la Usalama la Taifa.

Siri ilidumu zaidi kidogo ya mwaka mmoja. Tarehe 5 Oktoba 1986 ndege iliyobeba silaha za Contra ilitunguliwa Nicaragua, na Mmarekani mmoja akakamatwa akiwa hai. Tarehe 3 Novemba jarida la Lebanon, Ash-Shiraa, likaandika habari za mauzo ya silaha kwa Iran. Tarehe 25 Novemba Mwanasheria Mkuu Edwin Meese akasimama mbele ya waandishi na kukiri kwamba fedha za Iran zilikuwa zimefika kwa Contra. Tarehe 19 Desemba jopo la majaji watatu likamteua Lawrence Walsh kuwa mwendesha mashtaka huru.

Huyu Walsh inafaa kumjua kidogo, kwa sababu baadaye alichorwa kama kibaraka wa chama cha Democratic. Alikuwa na umri wa miaka 74, jaji wa zamani, naibu mwanasheria mkuu wakati wa Eisenhower, aliyewahi pia kukiongoza Chama cha Mawakili cha Marekani. Alikuwa Republican maisha yake yote.

Mlango uliofungwa, na uliobaki wazi

Cheo alichopewa Walsh kilizaliwa na sakata jingine. Oktoba 1973 Rais Nixon aliamuru mpelelezi maalumu wa Watergate, Archibald Cox, afukuzwe kazi. Mwanasheria Mkuu na naibu wake waliona afadhali waondoke ofisini kuliko kuitekeleza amri hiyo. Akapatikana wa tatu aliyeitekeleza. Somo ambalo Kongresi ililipata ni kwamba mpelelezi anayemchunguza rais hawezi kuwa mtumishi wa rais. Sheria ya mwaka 1978 ikaweka utaratibu mpya: majaji ndio wanaomteua, na hafukuzwi ila kwa sababu ya msingi. Mwaka 1988, katika kesi ya Morrison dhidi ya Olson, Mahakama ya Juu iliihalalisha sheria hiyo kwa kura 7 dhidi ya 1.

Mlango wa kufukuza ukawa umefungwa. Mlango wa msamaha haukuguswa, na usingeweza kuguswa. Madaraka ya kusamehe yamo ndani ya Katiba yenyewe, ibara ya pili, kifungu cha pili: rais anaweza kusamehe kosa lolote la shirikisho, isipokuwa mashtaka ya bungeni ya kumwondoa kiongozi madarakani. Hakuna sheria ya kawaida inayoweza kuyapunguza. Mahakama ya Juu ilikwishasema tangu karne ya 19 kwamba msamaha unaweza kutolewa wakati wowote baada ya kosa kutendwa, iwe kabla ya mashtaka, kesi ikiendelea, au baada ya hukumu. Kwa hiyo mpelelezi ambaye rais hawezi kumgusa bado anaweza kunyang'anywa washtakiwa wake wote kwa saini moja.

Udhaifu huo ulitabiriwa mapema kabisa. Mwaka 1788, mkutano wa Virginia ulipokuwa ukijadili kama uikubali Katiba mpya, George Mason alionya kwamba rais anaweza kusamehe makosa aliyoyashauri yeye mwenyewe. Akauliza: akiweza kusamehe hata kabla ya mashtaka, si atauzima uchunguzi usimfikie? James Madison alimjibu kwamba rais akishukiwa kumkinga mshirika wake, Baraza la Wawakilishi litamfungulia mashtaka ya kumwondoa.

Jibu la Madison lina masharti yake: rais awe na muda mbele yake wa kupoteza. Rais aliyeshindwa uchaguzi, aliyebakiza wiki nne, utamwondoa wapi?

Walsh alivyobanwa kabla ya msamaha

Ni kosa kusimulia kisa hiki kana kwamba kulikuwa na uchunguzi imara uliouawa na kalamu ya siku moja. Uchunguzi ulikuwa umekwishachoka, na baadhi ya walioudhoofisha walikuwa haohao waliotaka ukweli ujulikane.

Kongresi ilikuwa na haraka. Ilitaka North azungumze mbele ya taifa, naye hakuwa tayari bila kinga. Akapewa: maneno yake yasingeweza kutumika dhidi yake. Julai 1987 akakaa mbele ya kamera, akiwa na sare na medali zake, na nchi nzima ikamtazama. Waendesha mashtaka wa Walsh walijitahidi kuziba masikio, hawakusoma magazeti wala kutazama televisheni, na ushahidi waliokwisha kuukusanya waliufungia kwenye bahasha zenye lakiri kuthibitisha kwamba waliupata mapema. Haikutosha. North alitiwa hatiani kwa makosa matatu Mei 1989, lakini Julai 1990 mahakama ya rufani ikaibatilisha hukumu hiyo, kwa hoja kwamba mashahidi wenyewe walikuwa wamemsikia akizungumza chini ya kinga na huenda ushahidi wao ulichafuka. Septemba 1991 kesi ikafutwa. Mkuu wake, Admeli John Poindexter, alitiwa hatiani kwa makosa matano Aprili 1990. Naye akaponea kwenye rufani, Novemba 1991.

Halafu kulikuwa na siri za taifa. Kesi ya aliyekuwa mkuu wa kituo cha CIA nchini Costa Rica ilikufa kwa sababu Mwanasheria Mkuu Dick Thornburgh alikataa nyaraka ambazo mshtakiwa alizihitaji kwa utetezi zitolewe mahakamani. Tazama mzunguko huo: mwendesha mashtaka yuko huru, ila ruhusa ya kutumia ushahidi iko mkononi mwa serikali ileile anayoichunguza. Kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Kikwazo cha tatu ni muda. Makosa mengi ya shirikisho hufa baada ya miaka mitano. Walsh aliyeanza mwishoni mwa 1986 alijikuta mwaka 1991 akizitafuta nyaraka ambazo alizidai mwaka 1987.

Daftari za Waziri

Nyaraka hizo zilikuwapo, na mahali zilipokuwa panachekesha kidogo: Maktaba ya Kongresi. Weinberger alikuwa na mazoea ya kuandika kwa mkono, siku baada ya siku, mambo yaliyopita kwenye mikutano na simu zake. Alipoulizwa na wachunguzi, alisema hakuwa na kumbukumbu za namna hiyo. Baadaye ikaonekana kwamba maelfu ya kurasa zilikuwa zimehifadhiwa pamoja na karatasi zake katika maktaba hiyo ya umma. Timu ya Walsh ilizifikia mwishoni mwa 1991.

Haki itendeke hapa. Weinberger hakuwa miongoni mwa walioupika mpango wa Iran. Yeye na Waziri wa Mambo ya Nje, George Shultz, waliupinga, na daftari zake mwenyewe zinathibitisha hivyo. Alichoshtakiwa nacho tarehe 16 Juni 1992, katika hati yenye makosa matano, kilihusu kuificha kweli baada ya mambo kufumuka: kuzuia uchunguzi, kuwadanganya wachunguzi na Kongresi juu ya kumbukumbu zake na juu ya alichokijua kuhusu fedha za Saudi Arabia kwa Contra. Mtetezi wake ana hoja anapouliza kwa nini aliyepinga uovu awe ndiye anayesimama kizimbani. Lakini hoja hiyo inasaidia adhabu ipunguzwe. Haiondoi swali kama alidanganya. Na swali hilo ni la jopo la waamuzi, yaani raia wanaoisikiliza kesi na kuamua.

Uzito wa daftari hizo ulikuwa kwa mtu mwingine. Maelezo ya mkutano wa Ikulu wa tarehe 7 Januari 1986 yalionyesha kwamba Rais aliamua kuendelea na mpango wa makombora 4,000 ili mateka watano waachiwe. Shultz na Weinberger walipinga. Waliounga mkono ni pamoja na mkurugenzi wa CIA William Casey, Meese, Poindexter, na Makamu wa Rais. Makamu wa Rais ni Bush, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akisema hakuyajua mapingamizi ya mawaziri hao wawili.

Kalenda ya miezi mitatu

Mwishoni mwa Septemba 1992 Jaji Thomas Hogan alifuta kosa moja kati ya matano ya Weinberger. Timu ya Walsh ikaandaa shtaka la kuliziba pengo hilo na kulifungua Ijumaa ya tarehe 30 Oktoba. Uchaguzi wa rais ulikuwa Jumanne, tarehe 3 Novemba. Ndani ya hati hiyo mpya mlikuwamo maelezo ya mkutano wa 7 Januari 1986, na ile habari ya Makamu wa Rais kuunga mkono.

Hapo Walsh aliteleza, na sioni namna ya kulipamba. Ratiba ya mahakama ilimbana, sawa, na kesi ilikuwa imekaribia. Ila mstari unaomtaja Bush haukuhitajika ili kumshtaki Weinberger. Kuuweka hadharani siku nne kabla ya kura, wakati kura za maoni zilionyesha Bush akimkaribia Clinton, kuliwapa Republican manung'uniko ambayo wengi wao hawajayasahau mpaka leo. Seneta Bob Dole alitaka Walsh mwenyewe achunguzwe. Na kisha, tarehe 11 Desemba, jaji akalitupa shtaka hilo jipya kwa kuwa muda wa kulifungua ulikuwa umepita. Kelele zote zile kwa shtaka lisilosimama.

Tarehe hiyohiyo ya 11 Desemba kulitokea jambo jingine, kubwa zaidi. Mawakili wa Ikulu waliiarifu ofisi ya Walsh kwamba Bush alikuwa akitunza shajara yake tangu Novemba 1986. Kumbukumbu za namna hiyo zilikuwa zimeombwa tangu mwanzoni mwa 1987. Kwa karibu miaka sita hazikutolewa. Sehemu zake zilipotangazwa Januari 1993, kulikuwa na ingizo la tarehe 5 Novemba 1986, siku mbili tu baada ya habari ya Ash-Shiraa, ambamo Bush alisema yeye ni mmoja wa wachache wanaoyajua mambo yale kwa ukamilifu.

Zipange tarehe hizo. Tarehe 3 Novemba Bush anashindwa uchaguzi, na kura ya wananchi haina tena la kumfanya. Tarehe 11 Desemba mwendesha mashtaka anajua kwamba kuna shajara iliyofichwa. Tarehe 5 Januari inakuja kesi ambayo Bush angeweza kuitwa kuwa shahidi. Tarehe 20 Januari anaondoka, na madaraka ya kusamehe yanaondoka naye. Msamaha ulitoka tarehe 24 Desemba, mkesha wa Krismasi.

Angeutoa Septemba, wapiga kura wangempa jibu lao. Angeungoja mpaka jopo la waamuzi liamue, ungekuwa huruma kwa mtu ambaye ukweli wake unajulikana, lakini huenda angekuwa amechelewa: kesi ingeweza kwenda kupita tarehe 20 Januari. Upenyo uliokuwapo ulikuwa mwembamba, kati ya uchaguzi na kesi, na kalamu ilipita hapohapo. Walsh aliandika baadaye kwamba hii ilikuwa mara ya kwanza kwa rais wa Marekani kumsamehe mtu ambaye yeye rais angeweza kuitwa shahidi katika kesi yake.

Sita, lakini si kundi moja

Tangazo la Bush liliwaweka wote sita kwenye chungu kimoja. Wakitenganishwa, picha inabadilika.

Watatu walikwishamalizana na mahakama. Robert McFarlane, Mshauri wa Usalama wa Taifa hadi Desemba 1985, alikiri mwaka 1988 makosa manne madogo ya kuinyima Kongresi taarifa; alipata miaka miwili ya uangalizi, saa 200 za huduma za jamii na faini ya dola 20,000. Alan Fiers, aliyesimamia Amerika ya Kati ndani ya CIA, alikiri makosa mawili madogo Julai 1991 na kisha akawa shahidi wa upande wa mashtaka. Elliott Abrams, waziri msaidizi katika Wizara ya Mambo ya Nje, alikiri mawili kama hayo Oktoba 1991. Moja lilihusu dola milioni 10 alizomwomba Sultani wa Brunei kwa ajili ya Contra. Fedha zile, kwa taarifa yako, hazikuwafikia Contra kabisa: tarakimu za akaunti ya Uswisi ziligeuzwa na zikaingia kwa mtu baki. Kwa watatu hawa msamaha ulisafisha jina, basi. Adhabu zao zilikuwa nyepesi, na maelezo yao yalikwishatolewa. Binafsi sina ugomvi na msamaha wa Fiers, aliyeamua kusema kweli.

Wa nne, Clair George, mkuu wa operesheni za siri wa CIA, alikuwa ametiwa hatiani na jopo la waamuzi tarehe 9 Desemba 1992 kwa kuidanganya Kongresi. Alisamehewa siku 15 baadaye, kabla hajasomewa adhabu. Kwake msamaha uliifuta kazi ya raia 12 waliokaa wakasikiliza.

Waliobaki ni wawili: Weinberger, na Duane Clarridge wa CIA, aliyeshtakiwa Novemba 1991 kwa makosa saba yaliyohusu usafirishaji wa makombora wa Novemba 1985. Hawa hawakuwa wamehukumiwa. Wangepanda kizimbani mwaka 1993, mmoja baada ya mwingine, na mashahidi wangehojiwa hadharani kuhusu nani alijua nini katika Ikulu ya Reagan. Kusamehe hukumu ni kitu kimoja. Hapa kilichozuiwa ni usikilizaji. Kuwachanganya hawa wawili na Fiers na McFarlane kuliipa hati yote sura ya kufunga ukurasa wa zamani.

Bush alijieleza vipi

Ni haki kumsikiliza. Katika tangazo lake alisema kilichowasukuma watu hao, wawe walikosea au hawakukosea, kilikuwa uzalendo. Hawakutafuta faida ya fedha. Walikuwa na rekodi ndefu ya utumishi, na walikwishalipa gharama isiyolingana na makosa yao. Alimtaja Weinberger kama mzalendo wa kweli na kugusia afya yake na ya mkewe. Alikumbusha kwamba marais wa kabla yake walisamehe baada ya migogoro mikubwa: Madison aliwasamehe maharamia wa Lafitte baada ya vita vya 1812, Andrew Johnson askari wa Kusini, Truman na Carter waliokwepa kuandikishwa jeshini. Na akasema kuna ugonjwa mpya wa kuzifanya tofauti za kisera kuwa jinai.

Hoja ya mwisho ndiyo yenye nguvu zaidi, na ndiyo inayovuja zaidi. Kuuza silaha Iran ni sera. Mtu anaweza kuitetea au kuipinga kwenye sanduku la kura. Lakini hakuna hata mmoja kati ya wale sita aliyeshtakiwa kwa sera. Walishtakiwa kwa kusema uongo na kuficha taarifa mbele ya Kongresi na wachunguzi, na Kongresi inayodanganywa haiwezi kugombana na sera isiyoijua. Mifano ya historia nayo haikai sawa. Madison hakuwa haramia wa Lafitte, wala Carter hakuwa amekwepa jeshi. Walisamehe wengine kwa mambo ambayo wao hawakuhusika nayo.

Walsh alijibu siku ileile kwamba kufunika kwa sakata la Iran-Contra, kulikoendelea kwa zaidi ya miaka sita, sasa kumekamilika. Clinton, rais mteule, alisema anasikitishwa na kitendo chochote kinachoashiria kwamba mtumishi wa serikali yuko juu ya sheria. Hakulivalia njuga suala hilo, na alipoingia Ikulu aliliacha lipite.

Kilichobaki mkononi mwa Walsh

Kuna jambo linalosahaulika. Aliyesamehewa hawezi tena kujificha nyuma ya haki ya kutojitia hatiani kwa makosa yaliyosamehewa. Kisheria, Walsh angeweza kuwaita Weinberger na wenzake mbele ya jopo la raia la uchunguzi, wakaapa, wakajibu, na uongo mpya ungekuwa kosa jipya lisilo na msamaha. Hakufanya hivyo kwa ukamilifu. Alikuwa na umri wa miaka 80, gharama za uchunguzi zilikuwa zikikaribia dola milioni 40 na zingeishia kwenye milioni 47 hivi, na makosa mengi yalikuwa yamepitwa na muda wa kushtaki. Alimtaka Bush ahojiwe. Bush akakubali kwa sharti kwamba aulizwe tu kwa nini shajara haikutolewa. Walsh alikataa sharti hilo, na mahojiano hayakufanyika.

Ripoti ya mwisho ilitangazwa tarehe 18 Januari 1994. Ilieleza kwamba hakukuwa na ushahidi wa kuaminika kuwa Reagan alivunja sheria ya jinai, ingawa ndiye aliyetengeneza mazingira ya wengine kuivunja. Kuhusu Bush, ilisema uchunguzi wa jinai dhidi yake haukukamilika. Watu 14 walishtakiwa katika miaka hiyo. 11 walikiri au walitiwa hatiani, wawili wakashinda rufani, wengine wakasamehewa. Aliyetumikia kifungo gerezani alikuwa mmoja, Thomas Clines, jasusi wa zamani aliyegeuka mfanyabiashara, tena kwa makosa ya kodi.

Sheria ya 1978 iliachwa ife mwaka 1999, safari hii kwa furaha ya vyama vyote viwili, maana Democratic nao walikuwa wamekwishaonja joto lake wakati wa Clinton. Tangu hapo wapelelezi maalumu huteuliwa na Mwanasheria Mkuu, kwa kanuni za wizara yake. Mwanasheria Mkuu aliyekuwa kazini Desemba 1992 aliitwa William Barr. Mwaka 2001, katika mahojiano ya kumbukumbu za utawala wa Bush, alieleza kwamba aliunga mkono msamaha mpana kwa wote badala ya kumsamehe Weinberger peke yake. Mwaka 2019 alirudi kwenye kiti kilekile, na ripoti ya Robert Mueller, mpelelezi maalumu aliyechunguza Urusi kuingilia uchaguzi wa 2016, ikatua mezani kwake. Desemba 2020, baada ya uchaguzi na kabla ya makabidhiano, Rais Donald Trump aliwasamehe Paul Manafort na Roger Stone, washirika wake waliotiwa hatiani kutokana na uchunguzi huo.

Dawa iliwahi kupendekezwa. Mwaka 1974, baada ya Gerald Ford kumsamehe Nixon, Seneta Walter Mondale alileta pendekezo la kubadili Katiba: Kongresi iweze kuutengua msamaha wowote ndani ya siku 180, kwa theluthi mbili ya kila baraza. Halikufika popote. Hebu tuchukulie lingepita. Siku 180 kuanzia Krismasi ya 1992 zingefika hadi Juni 1993, wakati Democratic wakitawala mabaraza yote mawili. Katika Seneti walikuwa na viti 57, na theluthi mbili ni 67. Katika Baraza la Wawakilishi walikuwa na 258, na zilihitajika kura 290. Republican zaidi ya 40 wangelazimika kupiga kura ya kumrudisha Weinberger kizimbani, chini ya mwaka mmoja baada ya hati ya tarehe 30 Oktoba.